Programu ya uzi mmoja kwenye prosesa ya viini vingi: unachopata na usichopata

Swali hili hunijia mara kwa mara, na karibu kila anayeuliza ana programu moja inayomtesa. Ni mfumo wa hesabu wa zamani, au makro ya Excel iliyoachwa na mtu aliyekwisha hama kazi, au programu ya kuchora ramani za majengo. Inakwenda kwa kujikokota, na mwenyewe anataka kujua kama kompyuta yenye viini 16 itaiponya.

Jibu la mkato ni hapana. Kiini (core) ni sehemu ya prosesa inayotekeleza maagizo. Uzi mmoja wa programu hukaa kwenye kiini kimoja kwa wakati mmoja, na vile 15 vilivyobaki haviwezi kukisaidia kuubeba. Ila wapo wanaolisikia jibu hilo wakaenda upande wa pili kabisa: wananunua mashine ya viini viwili dhaifu kwa imani kwamba viini vya ziada ni hasara tupu, na wiki hiyohiyo wanaanza kulalamika upya. Programu haiishi peke yake ndani ya kompyuta. Tena prosesa zenye viini vingi huja na mambo mengine mazuri, na wakati mwingine mabaya, ambayo hayatokani na hesabu ya viini. Hapo ndipo pesa za watu hupotelea, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Kwanza tuelewane kwa nini kazi haigawanyiki. Uzi ni mfululizo wa maagizo, hili baada ya lile. Chukua daftari la fedha lenye salio linalosogea: salio la mstari wa 10 ni salio la mstari wa 9, jumlisha kilichoingia, toa kilichotoka. Ukivipa viini viwili mistari hiyo miwili, kiini cha pili kitakaa kikimsubiri mwenzake amalize. Ni kweli wataalamu wana mbinu za kuvunja hata hesabu ya namna hii vipande vipande, lakini lazima mtu akae chini aandike programu upya kwa mbinu hiyo. Prosesa haitaigundua yenyewe. Kompaila, yaani kifaa kinachogeuza maandishi ya programu kuwa lugha ya prosesa, nayo hujaribu kidogo, kisha hukata tamaa mapema, kwa sababu mara nyingi haiwezi kuhakikisha kwamba vipande viwili vya kodi (maandishi ya programu) havigusi sehemu ileile ya kumbukumbu. Ikikosa uhakika huviacha vifuatane, na inafanya vyema: afadhali jibu sahihi linalochelewa.

Kinachosahaulika ni kwamba ndani ya kiini kimoja tayari mna kazi nyingi zinazokwenda kwa pamoja. Kiini cha kisasa huchungulia maagizo yaliyo mbele, hutekeleza yale yasiyotegemeana kwa mpigo mmoja, na hubashiri njia ambayo programu itafuata kabla haijafika kwenye njia panda. Programu ya uzi mmoja hufaidi hayo yote bila kuandikwa upya. Hiyo ndiyo sababu kiini cha leo chenye gigahezi 5 (mipigo bilioni tano kwa sekunde) humwacha mbali mno Pentium 4, prosesa ya Intel ya mwaka 2004, ambayo ilifika gigahezi 3.8. Kwa gigahezi peke yake tofauti haifiki hata mara moja na nusu, lakini kazi inayofanyika kwa sekunde ni mara kadhaa.

Mwaka huo wa 2004 una historia yake. Kwa miongo mingi programu ziliharakishwa bila mtu kugusa kodi: ulisubiri prosesa mpya itoke, basi. Robert Dennard wa IBM na wenzake walikuwa wameeleza mwaka 1974 kwamba transista (swichi ndogondogo zinazounda prosesa) zikipunguzwa ukubwa, umeme zinaoutumia hupungua kwa kiwango kilekile, kwa hiyo unaweza kuziongeza na kuzikimbiza zaidi bila joto kuzidi. Kufikia katikati ya miaka ya 2000 kanuni hiyo ilikuwa imeacha kufua dafu, kwa kuwa volti haikushuka tena na umeme ulianza kuvuja. Intel ikafuta mpango wake wa kuuza Pentium 4 ya gigahezi 4. Mwaka 2005 ikatoa Pentium D ya viini viwili, na AMD ikatoa Athlon 64 X2. IBM ilikuwa imetangulia mwaka 2001 na POWER4 kwa ajili ya seva. Kwa hiyo viini vingi havikuletwa kwa sababu programu ziliviomba. Vililetwa kwa sababu kukimbiza kiini kimoja kulikuwa kunaunguza nyumba. Ukilijua hilo huoni ajabu kwamba programu nyingi hadi leo hazijui kuvitumia.

Pima kabla ya kununua

Watu wengi huniambia, "Lakini prosesa yangu haijachoka, iko asilimia 12 tu." Hiyo asilimia 12 ndiyo ugonjwa wenyewe. Task Manager ya Windows hugawanya matumizi kwa prosesa zote za kimantiki zilizomo, yaani zile ambazo mfumo endeshi unazihesabu. Kwenye mashine ya prosesa nne, uzi mmoja uliojaa kabisa huonekana kama asilimia 25. Kwenye nane, asilimia 12 na nusu. Kwenye 16, asilimia 6 na kidogo. Na usisahau kwamba prosesa ya viini vinane yenye Hyper-Threading, mbinu ya Intel inayofanya kila kiini kionekane kama viwili, huhesabiwa kama 16. Kwa hiyo ukiona programu yako imeganda kwenye namba moja ya aina hiyo, haipandi wala haishuki kwa dakika nzima, imefika mwisho wa uwezo wa kiini kimoja.

Usidanganywe na grafu ya kila kiini. Utaibadilisha Task Manager ikuonyeshe kila prosesa peke yake, utegemee kuona moja imejaa na nyingine zimelala. Mara nyingi hutaona hivyo. Mfumo endeshi huuhamisha uzi kutoka kiini hiki kwenda kile mara nyingi ndani ya sekunde, na grafu huonyesha wastani, basi viini vyote huonekana vikifanya kazi kidogo kidogo. Jumlisha: ikiwa jumla yake ni sawa na kiini kimoja, ni uzi mmoja unaozunguka. Kwenye Linux mambo ni mepesi zaidi. Amri ya top huhesabu kwa kiini, kwa hiyo programu yenye uzi mmoja hugota kwenye asilimia 100. Bonyeza 1 uone kila kiini, bonyeza H kubwa uone kila uzi peke yake.

Kuna hali ya tatu, nayo ndiyo ninayoikuta zaidi maofisini. Programu inachelewa na wala haifiki hata kiwango cha kiini kimoja. Hapo inasubiri kitu: diski, mtandao, hifadhidata iliyo kwenye seva nyingine, au faili lililofungwa na mtumiaji mwingine. Hata ukiiletea prosesa ya ndoto zako, itasubiri vilevile, ila sasa itasubiri kwenye mashine ya gharama zaidi. Badilisha diski ya kuzunguka uweke SSD, au ongeza indeksi kwenye jedwali la hifadhidata, halafu upime tena.

Faida zinazopita mlango wa nyuma

Tuseme umepima na umethibitisha: uzi mmoja, kiini kimoja, umejaa. Je, viini vingine havina kazi kabisa? Vinayo.

Kubwa kuliko zote ni kuondoa usumbufu. Wakati programu yako inasaga, antivairasi inakagua mafaili, kivinjari kina tabo zake kadhaa, masasisho yanapakuliwa, na pengine uko kwenye mkutano wa video. Ukiwa na kiini kimoja, yote hayo yanapokezana na programu yako. Kutoka kiini kimoja kwenda viwili tofauti ni kubwa sana, na waliokuwa wakitumia kompyuta wakati ule wanaikumbuka: ghafla programu moja iliyokwama haikuweza tena kuigandisha mashine nzima. Kutoka viwili kwenda vinne bado utaiona. Kutoka vinane kwenda 16, kwa programu ya uzi mmoja na matumizi ya kawaida pembeni, sijawahi kuiona kwa macho.

Halafu kuna kazi ambazo mfumo endeshi hufanya kwa niaba ya programu yako. Ukihifadhi faili, mara nyingi data huingia kwanza kwenye RAM na programu huendelea na safari, huku mfumo ukiiandika diskini baadaye kwa kutumia kiini kingine. Mtandao ni hivyohivyo, sauti ni hivyohivyo, na draiva za kadi ya michoro nyingi zina nyuzi zao zenyewe.

Lugha nayo ina sehemu yake. Kodi ya Java uliyoiandika kwa uzi mmoja haikai kwenye uzi mmoja: mashine pepe ya Java ina nyuzi nyingine za kuzoa kumbukumbu isiyotumika na za kugeuza kodi yako kuwa lugha ya prosesa huku inaendelea kukimbia. Node.js huendesha JavaScript yako kwenye uzi mmoja, lakini kusoma mafaili na baadhi ya kazi za usimbaji hupelekwa kwenye kundi la nyuzi nne zilizofichwa nyuma. Mtu anayesema "programu yangu ni ya uzi mmoja" mara nyingi anazungumzia kodi aliyoiandika yeye tu.

Prosesa kubwa haimaanishi kiini chenye kasi

Hapa ndipo matangazo ya bidhaa huwapotosha watu, kwa hiyo nitatumia namba. Linganisha Core i3-9100 na Core i9-9900K, zote za kizazi kimoja cha Intel. Ya kwanza ina viini vinne, ya pili vinane. Zote mbili zina mwendo wa msingi wa gigahezi 3.6. Mtu akiendesha programu yake ya uzi mmoja kwenye i9 akaona inakimbia zaidi, atasema, "Unaona, viini vinane vimesaidia!" Sivyo. I3 huishia gigahezi 4.2 inapojikaza (mwendo huo wa juu huitwa turbo), i9 hufika 5.0. I3 ina kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa) ya megabaiti 6, i9 ina 16, na uzi mmoja unaokimbia peke yake unaweza kuitumia karibu yote. Turbo na kashe ndivyo vilivyofanya kazi. Watengenezaji wana desturi ya kuweka chipu zao bora kwenye prosesa zenye viini vingi, basi mtu hulipia viini na kupata mwendo kama zawadi.

Kwenye seva desturi hiyo hugeuka. AMD EPYC 9654 ina viini 96, lakini mwendo wake wa msingi ni gigahezi 2.4 na hauvuki 3.7. Ryzen 7 7700X ya kawaida ya mezani, yenye viini vinane vya usanifu uleule wa Zen 4, huanzia 4.5 na kufika 5.4. Kwa uzi mmoja, ile ndogo inaipita ile kubwa bila jasho. Nimeshuhudia ofisi moja ikihamisha mfumo wake wa hesabu kutoka kompyuta ya chini ya meza kwenda seva mpya ya kifahari, na ripoti za mwezi zikawa zinachelewa kuliko mwanzo. Fundi akalaumu mtandao, mtandao ukasingiziwa hadi ukachoka. Seva haikuwa na kosa lolote. Ilijengwa ihudumie watu mia kwa pamoja, nayo ilipewa mtu mmoja mwenye ripoti moja ndefu.

Kashe yenyewe inastahili heshima zaidi ya inayopewa. Mwaka 2022 AMD ilitoa Ryzen 7 5800X3D, yenye viini vinane kama ndugu yake 5800X, mwendo mdogo kidogo (4.5 badala ya 4.7), lakini kashe ya megabaiti 96 badala ya 32. Kwenye michezo mingi ya kompyuta, ambayo kwa kawaida hutegemea uzi mmoja mzito, ile yenye mwendo mdogo ilishinda. Uzi unaorukaruka kwenye data nyingi hutumia muda mwingi ukisubiri RAM, na kila kinachopatikana karibu na kiini ni safari iliyookolewa.

Jambo jingine la kuangalia ni viini visivyolingana. Tangu Intel ilipotoa kizazi cha 12 mwaka 2021, prosesa zake nyingi za kompyuta za kawaida zina viini vikubwa vya kasi na viini vidogo vya kubana umeme. Core i9-12900K ina vinane vya kila aina. Apple M1 ya mwaka 2020 ina vinne na vinne. Uzi wako ukiangukia kwenye kiini kidogo, kasi inaporomoka na hutajua kwa nini. Hutokea hasa kwenye laptopu iliyowekwa kubana betri, au unapopunguza dirisha la programu na kuhamia kwingine. Kabla ya kulaumu chochote, chomeka chaja na uweke mashine kwenye hali ya utendaji wa juu.

Gawa kazi nje ya programu

Huu ndio ushauri ninaoutoa kwa moyo mkunjufu zaidi, maana hauhitaji kumwomba aliyetengeneza programu. Ikiwa programu haiwezi kujigawa, pengine kazi yako inaweza kugawanywa kabla ya kuifikia. Una picha elfu za kupunguza ukubwa? Endesha nakala nane za programu, kila moja na fungu lake. Una ripoti ya miaka kumi? Endesha kila mwaka peke yake. Nina skripti ninayoitumia kusafisha mafaili ya kumbukumbu za seva (log), faili moja kwa kila siku. Ni ya uzi mmoja na itabaki hivyo, sina hamu ya kuiandika upya. Huiita kwa xargs, amri ya Linux inayoendesha programu nyingine, yenye chaguo la -P la kuendesha nakala kadhaa kwa pamoja, nikaipa idadi ya viini nilivyo navyo, na muda hupungua karibu kwa idadi hiyo. GNU parallel hufanya kazi hiyohiyo kwa madoido zaidi. Anayekompaili programu ana make -j, inayoendesha kazi kadhaa kwa pamoja. Anayebana mafaili kwa gzip, ambayo ni ya uzi mmoja, anaweza kuchukua pigz, iliyoandikwa na Mark Adler, ambayo hutoa faili la aina ileile kwa kutumia viini vyote. Xz na zstd, zana nyingine za kubana mafaili, zenyewe hukubali chaguo la -T0, yaani tumia viini vyote.

Kwa Python usipoteze muda kuongeza nyuzi kwenye hesabu nzito. Kwa miaka yote mkalimani wake wa kawaida (programu inayosoma na kutekeleza kodi ya Python) amekuwa na kufuli moja, GIL, inayoruhusu uzi mmoja tu kutekeleza kodi ya Python kwa wakati. Toleo la 3.13 la mwaka 2024 lilikuja na chaguo la majaribio lisilo na kufuli hiyo, lakini maktaba unazozitegemea zinapaswa nazo kuwa tayari. Tumia moduli ya multiprocessing, ambayo huanzisha michakato kamili iliyotengana.

Tahadhari zake ni hizi. Nakala nane zinataka RAM mara nane, na RAM ikijaa, mashine itaanza kuhamishia data diskini na utatamani ungebaki na nakala moja. Diski ya kuzunguka ikisomwa na programu nane kwa pamoja huenda ikawa polepole kuliko ikisomwa na moja. Na kama nakala zote zinaandika kwenye hifadhidata moja ya SQLite, zitapanga foleni, kwa sababu inaruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati.

Kuna na ukomo wa kihesabu ambao Gene Amdahl aliueleza mwaka 1967. Ripoti inachukua dakika 10, na dakika 6 kati ya hizo zinagawanyika. Ukiwa na viini vinane, zile 6 zinakuwa sekunde 45, lakini zile 4 ziko palepale: jumla dakika 4 na sekunde 45. Nunua viini 64, utashuka hadi dakika 4 na sekunde 6 hivi. Ndiyo maana nasisitiza kuishughulikia ile sehemu isiyogawanyika. Excel ni mfano mzuri. Tangu toleo la 2007 inaweza kukokotoa fomula kwa nyuzi nyingi, lakini makro za VBA hukimbia kwenye uzi mmoja. Makro inayoandika kisanduku kimoja kimoja huweza kuchukua dakika nyingi. Ileile ikisoma eneo lote la data kwa mkupuo, ikalifanyia kazi kwenye kumbukumbu na kulirudisha kwa mkupuo, humaliza kwa sekunde kwenye kompyuta ileile ya zamani.

Ukishaamua kununua

Kwa mtu ambaye programu yake kuu ni ya uzi mmoja, mimi humwelekeza kwenye viini sita au vinane vya kizazi kipya, na pesa zinazobaki ziende kwenye mwendo wa turbo, kashe kubwa na SSD nzuri. Kwenye vipimo vya Geekbench au Cinebench soma alama ya kiini kimoja, ile ya viini vyote iruke. Bora zaidi, omba ujaribu programu yako yenyewe, kwa data yako, kabla ya kulipa. Wauzaji wengine watakataa, lakini kuuliza si kosa.

Kwa mashine za kukodi mtandaoni, jihadhari na neno vCPU. Kwa watoa huduma wengi, kwenye prosesa za Intel na nyingi za AMD, vCPU moja ni uzi mmoja wa kimantiki, yaani kiini kimoja huhesabiwa kama vCPU mbili. Ukipanda kutoka vCPU 4 hadi 16 ndani ya familia moja ya mashine, unapata kiini kilekile kwa wingi tu, na ripoti yako itachukua muda uleule. Tafuta familia iliyotangazwa kwa mwendo mkubwa wa prosesa, ikodi kwa saa moja, endesha ripoti, linganisha na mashine uliyo nayo, kisha uizime.